Norma, Usishuke Garini

Mmenisumbua mno na habari hii ya Idella Bazemore. Kanisani mnaniuliza, dukani mnaniuliza, hata juzi kwenye maziko ya watu, nimeshika sahani yangu ya kuku, mtu ananivuta kando: "Bibi, hebu tuandikie ilivyokuwa." Niandike mimi! Shule niliiacha nikaenda kuchuma pamba kabla sijajua kuziunga herufi vizuri, na vidole vyenyewe sasa vimepinda kama tangawizi. Lakini nimesikia mnavyoihadithia wenyewe, mnaitia chumvi mpaka inawasha ulimi. Basi nitaandika. Na asinisahihishe mtu.

Idella alikuwa mpishi wa shule ya msingi hapa kwetu Tarrow, mpaka magoti yalipomgomea. Watoto wa kaunti nzima, weusi kwa weupe, wamekulia maharage yake na mkate wake wa mahindi. Mume alikwisha kufa. Binti yake, Renita, yuko Charlotte, kazi ya benki. Mambo mengi Idella aliyaacha kwa uzee, ila meza ya kura hakuiacha. Uchaguzi ukiwa wa rais, ukiwa wa yule msimamizi wa udongo na maji wa kaunti ambaye hakuna amjuaye, Idella alivaa kofia yake ya zambarau ya Pasaka, akaenda kukaa kwenye jumba la wazima moto, akawatafutia watu majina yao, akawapa karatasi, na wakitoka akawabandika kifuani kile kibandiko cha kusema nimepiga kura.

Msidhani kofia ile ilikuwa urembo. Baba yake alipopiga kura mara ya kwanza alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na haikupita wiki mwenye shamba akamtolea vyombo nje. Mzee yule akavaa kwanza kofia yake ya kanisani, ndipo akajitwisha godoro, ili watakaomwona njiani wamwone amevaa kofia. Idella alikuwa mtoto, nyuma yake, amebeba sufuria. Tangu siku ile alijua kwamba kura na hofu zimezaliwa tumbo moja.

Sasa kuna sheria moja ya meza ile, na usipoijua hutaelewa kitu. Kura hazikai na mtu mmoja. Lazima wawe wawili, mmoja wa chama hiki na mmoja wa chama kile, na macho yao yawe juu ya karatasi zile kama macho ya paka wawili juu ya samaki mmoja. Mfuko ukienda mahakamani jioni, wote wawili wanaingia gari moja. Mmoja akishuka njiani, mwenzake akabaki peke yake na mfuko, basi kura zote za siku ile zimeingia doa. Mtu yeyote anaweza kwenda kwa hakimu akasema zitupwe.

Mwenzake Idella alikuwa Norma Hoggard. Norma ni mweupe, mfupi, sauti kama ya bata, mjane wa mfuga nguruwe. Alikuwa dereva wa basi la shule. Chama chake ni kile kingine. Wamekaa meza moja tangu wajukuu wao hawajazaliwa, na hawajawahi kukubaliana hata juu ya hali ya hewa. Wakati wa kula Norma alileta karanga za kuchemsha, Idella akaleta keki ya viazi vitamu, wakabadilishana huku wanatukanana. Norma akikawia msalani, Idella humgongea mlango.

"Shoga, unapiga kura humo ndani au umezama?"

"Chama chako kimenikaa tumboni, niache!"

Ndivyo walivyoishi. Urafiki sijui kama ni neno lake. Hawakuwahi kwendeana nyumbani.

Mwaka ule wa mashaka, watu wanashuku kila kura, vuli, wiki ya mwisho ya kura za mapema, Jumatano asubuhi, likaja gari la bintiye Cleophus Cherry. Mzee Cleophus mapafu yamekwisha, anatembea na mtungi wa hewa, hawezi kushuka. Kwetu mtu asiyeweza kushuka, kura humfuata garini. Wakatoka wote wawili, Idella na Norma. Idella akasimama dirishani kwa mzee, upande wa barabara. Norma akaenda upande wa pili. Mzee Cleophus mikono inamtetemeka. Kalamu ikamtoka, ikadumbukia chini ya kiti. Norma akafungua mlango wa pili akainama, kichwa na mabega vikapotelea garini, akaanza kupapasa. Akaipata. Mzee akaweka alama zake, akakunja, akampa Idella karatasi ndani ya bahasha yake. Wakarudi ndani wote wawili, Norma analalamika kiuno. Ikaisha.

Haikuisha. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vyambo vya samaki, kulikuwa na mtu mwembamba na simu yake. Alichokipiga ni kile kipande kidogo: gari limesimama, bibi mweusi mwenye kofia ya zambarau peke yake, mkono unatoka dirishani, bibi anapokea karatasi, anageuka. Norma haonekani. Hata unywele wake hauonekani. Kufikia Alhamisi asubuhi picha ile ilikuwa imefika kila jikoni la kaunti, na maneno juu yake: *Bibi anakusanya kura za wizi kwenye magari.*

Simu ya nyumbani kwa Idella ikaanza kulia. Wa kwanza alimtukana. Wa pili alimtukana. Wale hakuwajali, matusi ameyazoea tangu jikoni shuleni. Aliyemwogopesha ni yule asiyetukana. Anapiga, unasikia pumzi, unasikia televisheni kwa mbali nyumbani kwake, kisha anasema taratibu, kwa adabu kabisa, "Ukumbi wako wa mbele una taa nzuri, Bi Idella," halafu anakata.

Idella akazima taa ya ukumbi. Kisha akaona giza ni baya zaidi, akaiwasha. Akazima tena. Kitanda akakiburuta mwenyewe, magoti yale yale, mpaka jikoni pembeni ya friji, maana pale hapana dirisha. Akaacha kufagia ukumbini. Mbwa wa jirani akibweka, kijiko kinamtoka mkononi. Na ulikuwa msimu wa kuwinda kulungu: kila pikapu ina bunduki nyuma ya kiti, kila mwanamume ana koti la rangi ya machungwa. Utamjua vipi anayewinda kulungu na anayekuwinda wewe? Pikapu ya kijivu ilikaa mwisho wa barabara yake Alhamisi jioni, injini inanguruma, kisha ikaondoka. Huenda mtu alikuwa anazungumza na mkewe kwenye simu. Huenda.

Renita akapiga simu kutoka Charlotte, analia. "Mama, acha. Tundika hiyo kofia. Wapo vijana watakaa mezani."

"Nikiacha leo, watasema nimekimbia kwa kuwa nimeiba."

"Waseme! Afadhali waseme uko hai!"

"Babu yako hawakumwona akikimbia," Idella akasema, akaweka simu, na mkono ulibaki umeishika kwa kuwa ulikataa kufunguka.

Akaenda kwa Bwana Speight, mkubwa wa uchaguzi wa kaunti, kijana wa watu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Naye akamfungulia moyo. "Bi Idella, mimi nakuamini. Lakini ofisi ikianza kubishana na simu za watu, hatutamaliza. Nao watasema tunakulinda kwa sababu tumekuajiri. Aliyekuwepo ni Bi Norma. Tena wa chama chao. Neno lake moja lingezima moto huu. Mimi siwezi kumlazimisha."

Na Norma alikuwa kimya.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Idella kwenye mifupa. Alhamisi wamekaa meza moja, Ijumaa wamekaa meza moja, viti vimegusana. Norma anatafuta majina, anatoa karatasi, hatanii. Karanga alizileta, akaziweka katikati, hakula. Watu wanaingia wanamtazama Idella, wengine wanampa mkono, wengine wanaipokea karatasi kwa ncha za vidole kana kwamba ina upele. Norma anaona yote. Idella angeweza kugeuka akamwambia, mwanamke mwenzangu, sema ulikuwepo. Hakumwambia. Alikuwa na kiburi kama cha nyumbu, na alijua kuwa neno la kuombwa halina uzito. Na kulikuwa na jambo jingine. Aliyeisambaza picha ile kanisani kwa kina Norma, kila mtu alijua, ni Dale. Mwana wa Norma, wa pekee.

Jumamosi kituo kilifungwa saa tisa alasiri, jua bado liko. Wakahesabu, wakatia kwenye mfuko, wakaupiga lakiri nyekundu, wote wawili wakaitazama ikiingia. Mfuko ukawekwa kiti cha nyuma cha gari la Idella, kwa kuwa Norma jicho moja lina mtoto wa jicho na haendeshi tena. Idella akashika usukani. Norma akakaa kando, mkoba mapajani, akiushika kama mtu aliye kwenye jahazi bovu.

Barabara ya kwenda mahakamani inapita mashambani. Pamba ilikuwa imefunguka, nyeupe huku, nyeupe huku, hapana nyumba. Wamefika kwenye mashine ya zamani ya kuchambua pamba Idella akaiona kwenye kioo. Pikapu ya kijivu.

Akapunguza mwendo ipite. Haikupita. Akaongeza. Nayo ikaongeza. Norma hakugeuka, ila mkoba ule aliuminya mpaka vifundo vyake vikawa vyeupe kuliko pamba, na Idella akatambua: huyu ameijua pikapu hii bila kuitazama. Mlio wake anaujua.

"Norma."

"Endesha, Idella."

Karibu na daraja la kijito, pale barabara inapobanwa, pikapu ikawapita kwa kasi, ikajikingamisha mbele yao. Idella akakanyaga breki, mfuko ukadondoka nyuma kwenye sakafu ya gari. Wakashuka wanaume wawili, makoti ya machungwa. Mmoja alikuwa Dale Hoggard. Wa pili hamjui, mwembamba, na tayari amenyanyua simu mbele ya uso. Bunduki zilikuwa zimelala nyuma ya kiti kwenye pikapu. Mlango wa pikapu waliuacha wazi.

Idella akaweka mikono miwili juu ya usukani, vidole vimetandazwa, vionekane. Hakuna aliyemfundisha jambo lile. Mwili ulilikumbuka wenyewe.

Dale akaja upande wa mama yake, akagonga kioo kwa kidole. Norma akakishusha kidogo.

"Mama, shuka. Nikupeleke nyumbani."

"Kazi haijaisha, Dale."

"Imekwisha. Umechoka. Shuka tu, mengine yaache."

"Na mfuko?"

"Huyu si anajua kupeleka mwenyewe?" akasema yule mwembamba, anacheka, simu haijashuka. "Amezoea kufanya peke yake, bibi huyu."

Idella akaelewa wanachotaka, na kuelewa kukawa kubaya kuliko kutoelewa. Hawakutaka kumpiga. Hawakuutaka hata mfuko. Walitaka picha moja tu: kofia ya zambarau, gari, mfuko wa kura, na hapana mtu mwingine. Norma akiweka mguu mmoja tu kwenye lami, kura za Jumamosi ile nzima zimekwenda, za weusi na za weupe, na yeye Idella atapelekwa mahakamani, na safari hii picha itakuwa ya kweli.

Na mkono wa Norma ulikuwa umeshika kitasa.

"Dale Hoggard," Idella akasema, na sauti ilimtoka nyembamba mpaka akaionea haya. "Nilikuwa nakuongezea mkate wa mahindi wewe. Kila Ijumaa. Ulikuwa unarudi kwenye foleni mara ya pili unajifanya mtu mwingine."

Dale hakumtazama. Masikio yalimwiva. "Bi Idella, mimi sina ugomvi na wewe. Namchukua mama yangu."

"Kumbe hata jina lake unalijua," yule mwembamba akamwambia Dale.

Upepo ulipita kwenye pamba. Hapana gari jingine lililokuja. Idella akamgeukia mwenzake, na neno alilolikataa siku tatu likamtoka, si kwa kuomba, bali kama anavyouliza mtu njia.

"Norma, Jumatano ulikuwa wapi?"

"Unajua nilikuwa wapi."

"Mimi najua. Huyu hajui."

Mkono ule kwenye kitasa ulitetemeka mpaka chuma kikalia. Idella akausikiliza mlio ule, akawaza: sasa anafungua. Akafumba macho. Akamwona baba yake na godoro.

Aliposikia kioo kikishuka mpaka mwisho ndipo akafumbua.

"We kijana mwenye simu," Norma akasema kwa sauti yake ile ya bata. "Sogea hapa. Inarekodi hiyo? Rekodi vizuri basi. Jumatano nilikuwa ndani ya gari la Cleophus Cherry, nimeinama, matako yangu yote nje, natafuta kalamu aliyoangusha. Kura ile niliiona ikitiwa alama, nikaiona ikiingia bahasha, nikaenda nayo mpaka ndani. Mimi, Norma Hoggard, wa chama chenu. Umeyapata matako kwenye picha yako? Hukuyapata? Basi ulisimama mahali pabaya."

Yule mwembamba akaishusha simu. Dale alikuwa kama aliyepigwa na kitu kizito.

"Mama, sasa mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Ungesema tu! Siku tatu hizi!"

Norma akasema polepole, kama mtu anayetapika. "Nilikuogopa, Dale."

"Mimi?"

"Wewe. Nimekunyonyesha, nimekupeleka shule, na siku tatu hizi unaingia jikoni kwangu unacheka na simu yako, na mimi nakaa kimya kwenye nyumba yangu mwenyewe kwa kukuogopa. Sasa ondoa gari lako. Sishuki."

Yule mwembamba akaja upande wa Idella. Akapiga bati la juu la gari kwa kiganja, pa, na Idella akaruka, na mtu yule akatabasamu kwa kuona ameruka. "Njia ni ndefu, mabibi," akasema. Kwa adabu kabisa. Na Idella akaijua sauti ile. Ile ya taa ya ukumbi.

"Twende," Dale akamwambia mwenzake. Na alipoona hasikii, akamshika koti. "Twende, nimesema."

Pikapu ikatoka njiani. Idella akaendesha. Sitawaambia kwamba kiti kilibaki kikavu, na atakayecheka na aje acheke mbele yangu. Nyuma pikapu iliwafuata mpaka mahakamani, kwa mbali, haikaribii, haiachi. Kama Dale alikuwa anamlinda mama yake, au mwenzake ndiye aliyekuwa anawasindikiza, mpaka leo wale wanawake hawajui. Kwenye taa za mjini Norma alinyoosha mkono nyuma, akauokota mfuko sakafuni, akaupakata, na Idella akaushika upande wa pili kwa mkono wa kulia, akaendesha kwa wa kushoto.

Bwana Speight akaitazama lakiri. Nzima. Wakaweka sahihi, mmoja chini ya mwenzake.

Mnauliza nani alishinda. Walioshinda walishinda, na ushindi ni wao. Mimi nawaambia yaliyobaki. Maneno ya Norma pale darajani yalirekodiwa, lakini hayakutumwa popote. Yule mwembamba alikaa nayo, au aliyafuta. Ile ya kwanza, ya kofia, bado inazunguka. Norma aliyarudia mwenyewe kanisani kwao, akasimama wima baada ya mahubiri, akayasema, matako na yote. Wengine walimshika mkono, na wengine mpaka leo wanahama benchi akikaa. Dale huja kumkatia majani, haingii ndani kunywa maji. Idella Jumanne ya uchaguzi alikwenda, kofia kichwani. Lakini kitanda chake bado kiko jikoni kando ya friji. Nimekiona mimi. Na simu ikilia hainyanyui, hata nikiwa mimi napiga.

Sasa nimeandika, na vidole vinaniuma, na mtanilipa. Najua baadhi yenu ile picha mnayo. Mliipokea, mkacheka, mkamrushia mwingine. Toa simu yako mfukoni. Itafute, hiyo ya kofia ya zambarau. Ifute hapo hapo ulipo, kisha umpigie yule uliyemrushia umwambie Norma alikuwa wapi. Usiniambie utafanya kesho. Fanya sasa, nimekaa hapa nangoja.